Barua kwa Mwalimu: Kitanda cha Pili kwa Uzuri

*Mwalimu, assalaam alaykum. Mimi nafanya kazi nyumba ya wageni huku Shela. Juzi mgeni mmoja Mwingereza alikuwa akikiangalia kitanda cha samadari chumbani kwake, akacheka. Akaniambia mshairi wao mkubwa, Shakespeare, alipokufa alimwachia mkewe kitanda tu, tena si kile kizuri, cha pili yake. Jioni nikamhadithia ami yangu, nikidhani atasikitika. Akafurahi! Akasema, “Waona wenzetu, mtu na mali yake.” Sasa kila siku asema ataandika wasia ili nyumba yetu ya Mkomani aipate mwanawe wa kwanza peke yake, mabinti wagawane vyombo. Je, kweli waungwana wa Kiingereza walikuwa wakigawa mali watakavyo?*
*— Binti wa Langoni, Lamu*

Waalaykumu ssalaam, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa dakani, nikacheka peke yangu hadi mpita njia akaniuliza kama ni mzima. Nimefundisha historia miaka thelathini na kitu, na hakuna mwaka kitanda hicho hakikuzuka darasani. Sijui samani nyingine duniani iliyosengenywa kiasi hicho.

Mgeni wako hakusema uongo. Wasia upo mpaka leo, karatasi tatu, kila moja ina saini yake, tarehe ya Machi 1616. Mwenyewe akafa 23 Aprili mwaka huo huo. Maneno ya kitanda yamebanwa katikati ya mistari, kama ya mtu aliyekumbuka jambo karani keshaandika: kwamba ampa mkewe kitanda chake cha pili kwa uzuri, pamoja na vyombo vyake. Basi. Hata jina la mke, Anne, halikutajwa.

Lakini wasia wa Kiingereza wa zama hizo hausomwi kama orodha ya mali yote. Ulikuwa wa kugawa kile ambacho sheria, mila na mikataba ya ndoa havijakigawa. Mjane alikuwa na haki ya theluthi ya ardhi ya mumewe, ale mapato yake mpaka afe, iandikwe isiandikwe. Muungwana hakuona haja ya kuitaja, kama ami yako asivyo na haja ya kuandika kwamba mkewe atapata thumuni yake. Kwa hiyo mwanamke aliyetajiwa kitanda tu si lazima awe aliachiwa kitanda tu.

Na kitanda chenyewe usikifikirie kuwa ni chaga na godoro la sponji. “Vyombo vyake” ni godoro la manyoya ya ndege, mito, mablanketi, na mapazia ya kukizunguka pande zote. Katika nyumba nyingi kitanda kilikuwa miongoni mwa vitu vya thamani kubwa kabisa. Kile kizuri zaidi mara nyingi kiliwekwa chumba cha wageni, na cha pili ndicho mke na mume walicholalia. Wako wanaosema alimpa kwa mapenzi, wako wanaosema alimdharau. Mimi nimeegemea upande wa mapenzi, lakini siapi, kwa sababu mwaka 1613 bwana huyu huyu alinunua nyumba Blackfriars, London, kwa pauni 140, akaweka wadhamini watatu kwenye hati, na mpango ule ulikuwa na athari ya kumtoa mke katika theluthi ya nyumba ile. Alijua sheria ilikopita, na alijua kuizunguka.

Mimi ningependa wasomaji wakisahau kitanda kidogo wamwangalie mkwe. Shakespeare alikuwa na mabinti wawili walio hai, Susanna na Judith. Mwanawe wa kiume wa pekee, Hamnet, alikuwa amekufa tangu 1596. Judith aliolewa mwezi Februari 1616 na Thomas Quiney, na mwezi Machi huyo bwana harusi akasimama mbele ya mahakama ya kanisa akakiri zinaa na mwanamke mwingine, ambaye alikuwa amekufa katika uzazi pamoja na mtoto. Sasa tazama ile karatasi. Karani alikuwa ameanza kuandika fungu la fedha “kwa mkwe wangu”. Maneno hayo yamepigwa mstari, juu yake pakaandikwa “binti yangu Judith”. Hakuna tusi, hakuna ukali. Mstari mmoja wa wino tu. Nimewahi kuwaonyesha wanafunzi picha ya karatasi hiyo, darasa zima likanyamaza, na hao walikuwa kidato cha tatu baada ya chakula cha mchana.

Judith akaandikiwa pauni 150, lakini 50 kati ya hizo azipate akikubali kumwachia dadake haki ya kijumba kimoja. Pauni 150 nyingine zingefuata kama yeye au mtoto wake atakuwa hai baada ya miaka mitatu, na mtaji huo mume asiuguse mpaka naye amwandikie mkewe ardhi ya thamani hiyo hiyo. Kwa muda huo Judith ale faida yake, shilingi mbili kwa kila pauni. (Wazee wenzangu mnaoikumbuka pauni yetu ya Kenya ya shilingi 20 mshapiga hesabu: asilimia kumi. Ndiyo, riba, imeandikwa bila haya ndani ya wasia. Sheria yao iliiruhusu mpaka kiwango hicho.)

Joan, dadake Shakespeare mwenyewe, ambaye mumewe alizikwa wiki moja tu kabla ya Shakespeare kufa, alipewa pauni 20, nguo zote za marehemu, na ruhusa ya kukaa maisha yake katika nyumba anayokaa, kwa kodi ya peni 12 kwa mwaka. Nguo usizipuuze. Joho la muungwana lilikuwa fedha iliyotundikwa ukutani. Maskini wa Stratford, mji wake, pauni 10. Upanga kwa kijana wa jirani, Thomas Combe. Waigizaji wenzake watatu shilingi 26 na peni 8 kila mmoja, wanunue pete za kumkumbuka. Huo ulikuwa mtindo wa waungwana: huachi rafiki zako na pesa za kula, waachia pete, wakiiangalia wakukumbuke.

Nyumba na mashamba je? Susanna. Baada yake mwanawe wa kwanza wa kiume, akikosekana wa pili, wa tatu, mpaka wa saba, kisha mjukuu Elizabeth, binti wa Susanna, na wanawe, kisha Judith na wanawe. Sisi tungesema ameweka wakfu wa kizazi, ila huu wapita kwa wanaume. Susanna hakuzaa mtoto wa kiume. Watoto watatu wa Judith wote walikufa kabla ya mama yao. Elizabeth akafa 1670 bila mtoto. Mali ikaenda kwa watu wengine, na wale wavulana saba walioandaliwa nafasi hakuzaliwa hata mmoja.

Sasa turudi kwa ami. Asema mtu na mali yake. Wenzetu hawakuanza hivyo. Ardhi ilikuwa haiandikiki katika wasia mbele ya sheria, mpaka sheria ya Mfalme Henry VIII ya 1540, na hata hapo, mwenye ardhi iliyofungamana na utumishi wa kivita kwa mfalme aliruhusiwa kuandika theluthi mbili tu. Fungu lililobaki lilifuata mkondo wake ili mfalme asikose chake. Hilo liliondoka 1660. Kuhusu fedha na vyombo, katika jimbo la kanisa la York hadi 1692, na jiji la London hadi miaka ya 1720, mwenye mke na watoto aligawiwa hivi na mila: theluthi ya mke, theluthi ya watoto, na theluthi ya mwisho ndiyo yake ya kuandikia wasia. Waliiita fungu la maiti. Nilipolisoma jina hilo mara ya kwanza nilikuwa chuoni Nairobi, nikafunga kitabu nikaenda kunywa chai. Theluthi! Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia Saad bin Abi Waqqas, “Theluthi, na theluthi ni nyingi.” Watu wa York hawakumsikia, lakini kijiti chao walikipima hapo hapo.

Kwa hiyo ami yako akitaka kuiga Waingereza, kwanza aulize wa mwaka gani. Na akitaka kujua lake mwenyewe: wasia wake hauzidi theluthi, na mrithi haandikiwi wasia isipokuwa warithi wenzake waridhie baada ya yeye kufa. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, haiamui nani arithi mali ya Muislamu aliyekufa. Mambo yakifika kwa kadhi, mwanawe atapata fungu la mwana na mabinti watapata yao, karatasi au pasi karatasi. Akiwa kweli ataka kumpa kijana nyumba, kuna hiba, lakini hiba ni kukabidhi sasa hivi, ungali hai, ufunguo umtoke mkononi, na bado ataulizwa kuhusu uadilifu kati ya watoto. Mwambie hilo la ufunguo. Usimwambie mbele za watu.

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi seremala Malindi, mtoto wa tano kati ya wavulana sita. Kwa hao waungwana wa Kiingereza ningepata nini?*
*— Fundi wa Malindi*

Marahaba fundi. Ungepata baraka na nauli.

Nyumba kubwa na ardhi zilikwenda kwa kifungua mimba wa kiume. Baba asipoandika wasia sheria yenyewe ilimpa huyo huyo. Nyinyi wengine mliandikiwa pesa za kila mwaka kutoka mapato ya shamba la kaka, au ada ya kuwekwa kwa mfanyabiashara wa London ujifunze kazi, au karo ya kusomea sheria ama ukasisi. Dada zenu fungu la fedha, walipwe wakifika miaka 21 au siku ya kuolewa, na mara nyingi kwa sharti kwamba mama au wasii amkubali mume. Yote hayo mlipaji ni kaka, kwa hiyo usimwonee wivu sana. Wako waliorithi majumba wakashinda wakiuza miti ili kulipa mafungu ya dada zao. Aliyegombana na baba aliweza kuandikiwa shilingi moja. Shilingi hiyo si zawadi, ni ushahidi: nilikukumbuka, na hiki ndicho nilichoamua.

Ungebahatika kuzaliwa mkoa wao wa Kent ungecheka. Huko mila ilikuwa asipoandika baba, wavulana wote wagawana ardhi sawa kwa sawa, na ilidumu mpaka sheria za 1925. Dada zako hata Kent wasingepata kitu maadamu nyinyi sita mko hai.

*Mwalimu, nimesikia wasia zao zilianza kwa jina la Mungu kama zetu. Kwa nini, na nani alizisimamia?*
*— Msomaji, Matondoni*

Ni kweli. “Kwa jina la Mungu, Amina,” kisha mtu husema mwili ni mgonjwa lakini akili timamu, roho aikabidhi kwa Muumba, mwili kwa udongo. Kabla ya mageuzi ya dini katikati ya karne ya 16, roho ilikabidhiwa pia kwa Bikira Maria na watakatifu, na pesa ziliachwa za misa na mishumaa. Baadaye zikahamia kwa maskini, mikate siku ya mazishi, au makoti meusi kwa wazee mafukara wa kufuata jeneza. Shakespeare, kwa kichekesho, aliandika kwamba yu katika afya kamili. Mwezi mmoja hakuumaliza.

Wasia ulithibitishwa katika mahakama za kanisa, na ilikuwa hivyo mpaka mwanzo wa 1858. Wake ulithibitishwa London 22 Juni 1616. Pamoja na wasia, majirani wawili au zaidi waaminifu walitakiwa kuingia chumba baada ya chumba, waandike kila kitu na bei yake. Orodha ya Shakespeare imepotea, na ndiyo maana hatujui vitanda vilikuwa vingapi wala vitabu vilikuwa wapi.

Ya nyanya yangu mzaa baba haikupotea, ninayo. Alipofariki warithi walikuwa saba, na kila mmoja alikitaka kitanda chake cha samadari, na hakuna aliyeweza kukichukua, kwa sababu kililetwa vipande vipande kwa jahazi kikaungwa juu darini, na mlango ukawa mdogo kuliko kitanda. Akaja karani na jirani wawili kuthamini. Akaandika: kitanda kimoja, kibovu. Shangazi yangu aliyekuwa nyuma ya pazia akaita, “Lifute hilo neno.” Karani akasema ni mguu mmoja tu umeliwa na mchwa. Akajibiwa kwamba mama alikilalia miaka arubaini na hakikumwangusha. Karatasi ninayo hapa mezani. “Kibovu” imepigwa mstari, juu yake, kwa wino mwingine, imeandikwa “cha zamani”.