74HC257 badala ya 74LS257 kwenye Commodore 64

Ndugu, umeuliza kama 74HC257 inaweza kukaa mahali pa 74LS257 (chipu ya kuchagua ishara) iliyokufa kwenye Commodore 64 yako, kompyuta ile ya zamani. LS, HC na HCT ni familia za chipu zenye kazi ileile ila viwango tofauti vya volti. Usiiweke. Kwa umeme wa volti 5, HC inataka kama volti 3.5 ndipo isome ishara ya 1, ilhali chipu za LS zimehakikishiwa kutoa 2.7 tu kwa 1 hiyo. Leo mashine itawaka, kesho skrini tupu. Tafuta LS ileile. Ukiikosa chukua HCT, hiyo inatosheka na volti 2.

Kama ya zamani imeandikwa MOS 7708 (MOS ni jina la mtengenezaji), ndiyo 257 yenyewe, na hizo hufa sana. Pima U13 na U25 zote, ndizo nafasi za 257 kwenye bodi. Kata miguu kwanza, kisha yeyusha lehemu na kuutoa mmoja mmoja, usije ukabandua njia za shaba. Halafu weka soketi.