Bosi akihamisha kazi, usiseme "siendi" na usisaini "kwa hiari"

Juzi usiku dada mmoja kanitumia ujumbe. Anashona nguo kwenye kiwanda hapa Dar es Salaam. Kiwanda kinahamia Kibaha, wafanyakazi wamegawiwa karatasi na wengi wameshasaini. "Kaka, wanasema asiyesaini kajifukuzisha kazi mwenyewe. Nisaini?"

Nikamjibu palepale: usisaini bado. Halafu akanitumia picha ya ile karatasi na usingizi ukaniruka. Maneno yake nayajua: "kwa hiari yangu mwenyewe". Nimeshawahi kuletewa karatasi ya namna hiyo, na ninyi mnaonijua leo kama mtu wa Keko mwenye mashine zake na vijana wake sita hamjui kwamba safari yote ilianzia pale.

Ilikuwa 2018. Nilikuwa fundi wa mashine kwenye kampuni moja ya uchapaji, nimetimiza miaka minane pale. Serikali ilikuwa inahamia Dodoma. Rais Magufuli alitangaza Julai 2016, Waziri Mkuu akatangulia Septemba ya mwaka huohuo, wizara zikafuata moja baada ya nyingine. Kazi yetu kubwa ilikuwa ya wizara: ripoti, shajara, kalenda, vipeperushi vya maadhimisho. Wateja wakiondoka, oda zinaondoka nao. Kibiashara bosi alikuwa sahihi, hilo sijawahi kumbishia. Kampuni ni yake, na akitaka kuihamishia Tunduru hakuna sheria inayomkataza.

Shida ni namna alivyofanya. Alituita chumba cha kujalidi saa ya chai, akapanda juu ya paleti ya karatasi ili tumwone, akasema mashine zinaanza kufunguliwa wiki ijayo na mwenye moyo wa kazi atazikuta Dodoma. Mzee wetu wa gilotini, ile mashine ya kukata karatasi, aliyetufundisha kazi karibu wote mle ndani, akanyoosha mkono. "Nauli na mizigo je, bosi?" Bosi akacheka. "Mabasi yapo Ubungo, mzee wangu." Watu wakacheka naye. Nawakumbuka wote waliocheka, jina kwa jina.

Afisa utumishi akapita na karatasi. Gramu 80, imechapwa kwenye mashine yetu wenyewe, nafasi ya jina imeachwa, nafasi ya tarehe imeachwa: nakubali kwa hiari yangu mwenyewe kuhamia kituo kipya cha kazi, na sitakuwa na madai yoyote dhidi ya mwajiri. Aliyeipanga hiyo sentensi alijua anafanya nini. Ukisaini umehama kwa gharama zako. Usiposaini, ukapandisha hasira ukasema "mimi siendi", umempa neno analolitafuta.

Mimi wakati ule nyumba yangu Chanika ilikuwa imefika lenta. Watoto shule ya msingi, mama watoto ana genge lake pale mtaani limeshika wateja. Najua na wewe unayo Chanika yako, iwe Goba au Kigamboni au Bunju. Mtu mwenye malengo hahamishwi kilomita zaidi ya 400 kwa tangazo la saa ya chai.

Basi nikaomba karatasi nikaisome nyumbani. Afisa utumishi akaniambia kuna nini cha kusoma, mbona wenzako hawasomi? Nikamwambia mimi nasoma. Tangu siku hiyo jina langu likawa "mwanasheria", na si kwa sifa.

Nilichukua mkataba wangu wa zamani kutoka kwenye bahasha ya vyeti. Mahali pa kazi: Dar es Salaam. Hiyo mistari watu hawaisomi, lakini ndiyo iliyonibeba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri aandike mahali pa kazi kwenye taarifa za ajira yako, na kikibadilika kitu katika taarifa hizo arekebishe kwa kushauriana na wewe, kisha akujulishe kwa maandishi. Kushauriana. Kupanda juu ya paleti si kushauriana.

Usiku ule niliandika barua fupi. Nikasema nimepokea taarifa ya mdomo kwamba kituo cha kazi kinahamia Dodoma, sijakataa, naomba nijulishwe kwa maandishi tarehe, mshahara na masharti yatakayokuwepo kule, nauli yangu na ya familia, usafirishaji wa mizigo, na nitaishi wapi mpaka nipate nyumba, niko tayari kwa mazungumzo siku yoyote. Soma tena maneno "sijakataa" na "niko tayari". Hayo ndiyo yaliyoniokoa, na nitaeleza kwa nini.

Mapokezi walikataa kuigongea muhuri. Nikaipeleka posta kwa rejista, nikabaki na stakabadhi na nakala. Jibu halikuja. Mashine zikafunguliwa, malori yakaja, wenzangu wakapanda mabasi. Mimi nikaendelea kuripoti Dar, palepale mkataba unaposema. Mwanzoni nilisaini daftari la mahudhurio kwa mlinzi, halafu mlinzi akaambiwa alifiche. Nikawa kila asubuhi napiga picha geti, simu ikionyesha tarehe na saa, nakaa kwenye benchi la mama ntilie ng'ambo ya barabara mpaka saa za kazi ziishe. Jamaa mmoja niliyekuwa nakula naye sahani moja alipita akaniona pale, akageuza uso. Mpaka leo hatujazungumza na wala sina haja.

Kwa nini nilijitesa hivyo? Kwa sababu Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinahesabu kutoonekana kazini zaidi ya siku 5 za kazi, bila ruhusa wala sababu ya maana, kuwa kosa kubwa linaloweza kukufukuzisha. Huo ndio mtego. Mwajiri hataki kukupunguza kazini, maana kupunguza kuna utaratibu na kuna pesa. Anataka uache mwenyewe au uwe mtoro. Na kweli barua ya utoro ikaja, ya kuniachisha kazi, bila kikao cha nidhamu. Nilipoifungua nilicheka peke yangu kama chizi, kwa sababu picha zangu zote za geti zilikuwa kwenye simu.

Nikaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile watu wanayoiita CMA. Nikajaza Fomu Na. 1, nikampelekea mwajiri nakala, nikarudisha ushahidi kwamba kaipokea. Sina haja ya kuwachosha na kuahirishwa kwa hapa na pale. Kwenye usuluhishi wakili wake alisoma barua yangu ya rejista, akatazama picha za geti, akaomba watoke nje na mteja wake. Waliporudi tukaelewana. Kiasi sitaji, ila mashine yangu ya kwanza ya mtumba haikutoka mbinguni.

Mwaka jana kampuni hiyohiyo ilituma kijana Keko kuulizia bei ya kujalidi. Nilimpa bei sawa na ya kila mtu. Kidogo tu nilijisikia.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu wengi mnanipigia mkiwa mmeshaharibu. Haki yako haianzi siku unayofukuzwa. Inaanza siku unayosikia fununu ya kuhama. Siku hiyohiyo tafuta mkataba wako. Kama una sentensi kwamba mwajiri anaweza kukupangia kituo chochote nchini, hali yako ni ngumu kuliko yangu, nisikudanganye. Umeshakubali kuhamishika, kinachobaki ni kudai uhamishwe kiungwana: taarifa mapema, gharama, muda wa kupanga mambo ya watoto. Hapa pia mfahamu kitu. Watumishi wa serikali waliohamia Dodoma wana Kanuni za Kudumu zinazotaja posho ya usumbufu, nauli na mizigo. Sisi wa sekta binafsi Sheria ya Ajira haijatuwekea kiwango. Yetu iko kwenye mkataba, kwenye sera ya kampuni au kwenye makubaliano ya chama cha wafanyakazi. Kama kazini kwenu kuna tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, na hujajiunga kwa sababu unaona uchungu ile ada ya kila mwezi, sitakuonea huruma.

Kama kuhama kunamaanisha wengine watabaki bila kazi, hapo tunaingia kifungu cha 38, kupunguza wafanyakazi. Mwajiri anapaswa kutoa notisi ya nia yake, atoe taarifa zinazohusika, na azungumze nanyi kuhusu sababu, njia za kuepusha au kupunguza makali, namna ya kuchagua nani aondoke, lini, na malipo gani. Anazungumza na chama. Kama hakuna chama, anazungumza na nyinyi wenyewe. Kwa hiyo msikae mnanong'ona chooni. Ombeni kikao, andikeni muhtasari, kila mtu asaini mahudhurio.

Malipo yenyewe msiyafanye ya kufikirika. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi si chini ya siku 28, au alipwe badala yake. Kiinua mgongo kwa aliyefikisha mwaka ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na hesabu inakomea miaka 10. Miaka yangu minane ilinipa siku 56. Aliyekaa miaka 20 anahesabiwa 10, ndiyo sheria, mniache mimi. Ndugu zetu wa Kenya kwao ni siku zisizopungua 15 kwa mwaka, mtu akipoteza kazi kwa sababu nafasi yake haihitajiki tena. Ongeza na likizo ambazo hukwenda, siku ulizofanya kazi hazijalipwa, na cheti cha utumishi. Na michango yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ikague kabla hujaondoka, siyo baada.

Na hapa ndipo "siendi" inapoua. Kifungu cha 42 kinamnyima kiinua mgongo aliyepunguzwa kwa sababu za uendeshaji halafu akakataa bila sababu ya msingi kazi mbadala aliyopewa. Dada wa Kibaha, hii ni yako. Kutoka Dar mpaka Kibaha si Dodoma. Ukisema tu ni mbali, msuluhishi atakuuliza unakaa wapi. Kama unakaa Kimara, utaonekana mkorofi. Kama unakaa Mbagala, una mtoto anayenyonya na zamu inaanza saa 12 asubuhi, una la kusema, lakini liseme kwa namba: unatoka saa ngapi, unapanda magari mangapi, nauli ya mwezi inakula kiasi gani cha mshahara. Peleka na pendekezo. Basi la wafanyakazi, zamu ya mchana, posho ya usafiri kwa miezi ya mwanzo. Mwajiri akikataa kila kitu, karatasi inaonyesha aliyekataa ni yeye. Nimelirudia hili kwa watu wengi na nitalirudia tena: andika, andika, andika. Simu ya bosi haina nakala.

Yule mzee wa gilotini alisaini. Sikumlaumu, alikuwa na wajukuu wanamtegemea. Alipanga chumba Nkuhungu kwa pesa zake, akafanya kazi kule kama mwaka na kitu, kisha akaambiwa kazi zimepungua. Walitaka kumwacha hukohuko. Akanipigia, sauti imeisha. Nikamwambia: Baba, ulichukuliwa kazini Dar, umeachishwa Dodoma, hawawezi kukuacha huko. Kifungu cha 43 kinasema mkataba ukiishia mahali pengine mbali na ulipoajiriwa, mwajiri akusafirishe wewe na mizigo yako hadi ulipoajiriwa, au alipie usafiri huo, au akupe posho yake. Na kama umekwamia pale unamsubiri, akulipe gharama za kujikimu za kila siku tangu mkataba ulipoisha hadi usafirishwe. Mzee akaandika barua ya nusu ukurasa, kwa mkono, akaitaja namba ya kifungu. Hawakusubiri kuitwa Tume. Lori lilimshusha Gongo la Mboto na kitanda chake, cherehani ya mkewe na matanki mawili ya maji, na pesa za zile wiki alizosubiri. Karatasi yake ya "sitakuwa na madai yoyote" ilikuwa faili lilelile na hakuna aliyethubutu kuitoa.

Kwa hiyo hata uliyesaini, usikate tamaa, ila acha kukaa. Ukiachishwa kazi una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume, na kwa madai mengine ni siku 60. Kufungua hakuna ada, na wakili si lazima. Ukichelewa itabidi uombe kuongezewa muda, na hapo utaeleza siku zote hizo ulikuwa wapi na unafanya nini. "Nilikuwa namsubiri bosi anipigie" haipokelewi.