Maswali ya Wasomaji: Nachoka Kabla Siku Haijaanza

SWALI: Shikamoo Mama. Nina umri wa miaka 36, nimeolewa na nina watoto watatu, mkubwa akiwa mvulana wa miaka 14. Naishi Chanika na nauza vitenge Kariakoo. Naamka saa kumi alfajiri ili niandae chai ya watoto na kuwahi daladala, na nalala saa tano usiku baada ya kuosha vyombo na kupiga pasi sare za shule. Kutwa nzima najizuia kwenda haja ndogo, kwa sababu choo cha kulipia kiko mbali na sina wa kumwachia meza, kwa hiyo hata maji sinywi. Asubuhi nakunywa chai ya rangi na chapati, mchana nakula wali na maharage nikiteremshia na chai nyingine, na jioni nakunywa kinywaji cha kuongeza nguvu ili niweze kufika nyumbani. Nasikia kizunguzungu nikipanda ngazi, na mwaka huu nimetibiwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, mara tatu. Wenzangu wananiambia nijipende, niende saluni na kufanyiwa singo ya kusugua mwili, lakini fedha na muda huo sina. Nianzie wapi?
Mama Watatu, Chanika

JIBU: Marahaba mwanangu. Wenzako wanakutakia mema, na singo ni starehe nzuri kwa mwanamke anayeipata. Hata hivyo, kwa maelezo yako mwili unadai mambo manne yanayotangulia saluni, nayo ni maji, haja ndogo, damu na usingizi. Mengi kati ya hayo hayahitaji muda mpya, bali yanahitaji uyape nafasi ndani ya siku hiyohiyo unayoiishi.

Tuanze na haja ndogo, kwa kuwa ndiyo inayokurudisha hospitali. Mrija wa mkojo wa mwanamke ni mfupi, hivyo vijidudu hufika kwenye kibofu kwa urahisi, na mkojo unaotoka mara kwa mara ndio unaovisukuma nje. Usipokunywa maji, kisha ukajizuia kutwa nzima, unavipa vijidudu hivyo nafasi ya kuzaliana. Zungumza na jirani yako wa meza mpeane zamu ya kuangaliana biashara, wewe uende saa nne, saa saba na saa kumi, naye vivyo hivyo, maana sina shaka kwamba naye anateseka kimyakimya kama wewe. Fedha ya choo iingize katika gharama za biashara kama unavyoingiza nauli na ushuru. Beba chupa ya maji kutoka nyumbani na unywe kidogo kidogo, ukiangalia mkojo uwe na rangi ya njano iliyofifia. Ukimaliza haja, jifute kutoka mbele kwenda nyuma, na baada ya tendo la ndoa nenda ukakojoe. Kwa kuwa umetibiwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja, usinunue tena vidonge dukani kwa mazoea. Mwombe daktari mkojo wako uoteshwe ili ijulikane ni kijidudu gani na kinasikia dawa gani, kwa sababu dawa za kubahatisha huvifanya vijidudu kuwa sugu.

Jambo la pili ni damu. Kizunguzungu na uchovu unaokushika kwenye ngazi vinaweza kuwa dalili za upungufu wa damu, ingawa havitoshi kuuthibitisha. Nenda kituo cha afya ukapime wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, kiwango kikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa kuwa upungufu. Wengi wetu hukimbilia juisi ya rozela au ya bitiruti na kuacha kipimo, jambo linalonisikitisha, kwa sababu huenda damu inapotea kwa hedhi nyingi, kwa uvimbe kwenye kizazi au kwa minyoo, na hakuna juisi inayotibu hayo. Mweleze mhudumu ukweli kuhusu hedhi yako bila kuona haya.

Wakati huohuo, badilisha saa ya chai. Chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani, kwa hiyo ile unayoteremshia chakula cha mchana inakunyima sehemu ya kile ulichokula. Ikunywe angalau saa moja baada ya chakula, na mahali pake weka chungwa, pera au ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga, kwani vitamini C husaidia madini hayo kufyonzwa. Dagaa, na maini pale bajeti inaporuhusu, vina chuma ambacho mwili hukipokea kwa urahisi zaidi. Kile kinywaji cha jioni ningependa ukiache kabisa. Kafeini yake hubaki mwilini kwa saa nyingi, na inaweza kukuharibia hata ule usingizi mfupi unaoupata.

Usingizi wako ni wa saa tano, ilhali mtu mzima anahitaji angalau saba. Hapa sitakwambia ujipange vizuri zaidi, kwa maana umeshajipanga mpaka umejimaliza. Kazi ipunguzwe. Mvulana wa miaka 14 anaweza kuosha vyombo na kupiga pasi sare yake na za wadogo zake, na baba yao anaweza kuchemsha chai ya asubuhi. Liseme jambo hili siku ya mapumziko, mkiwa mmetulia, ukimweleza mumeo kwa heshima kwamba unaumwa na kwamba nyumba ikikutegemea wewe peke yako, ukilala kitandani itasimama. Huenda ukaitwa mvivu na mtu fulani katika familia. Vumilia neno hilo, lakini usirudie ratiba ya zamani kwa ajili yake.

Ukiwa hapo kituoni, pima pia shinikizo la damu na uulize kuhusu uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake waanze kuchunguzwa wakiwa na miaka 30, au 25 kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kipimo cha siki, ambapo mhudumu hupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuuangalia, huchukua dakika chache tu.

SWALI: Mimi ni karani wa ofisi mjini Dodoma. Nakaa kitini tangu asubuhi, na jioni miguu huvimba. Ada ya jimu siiwezi. Nifanyeje?
Karani, Dodoma

JIBU: Mwanangu, jimu si lazima. Mtu mzima anashauriwa kupata angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabika, hata ukikugawanya katika vipande vya dakika 10. Shuka kituo kimoja kabla ya chako, simama kila baada ya saa moja, zungusha vifundo vya miguu ukiwa mezani, na ukifika nyumbani lala huku miguu ikiwa juu ya mto. Punguza chumvi, na upime shinikizo la damu pamoja na mkojo ili figo nazo ziangaliwe. Lakini ukiona mguu mmoja tu umevimba, unauma na una joto, au ukapata shida ya kupumua, nenda hospitali saa hiyohiyo, kwani huenda damu imeganda kwenye mshipa.