Lumumba na maneno ya «macaques»

Hapana yaya, ile «sisi si tena macaques (nyani) wenu» ambayo watu husema Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliwaambia Wabelgiji, haimo katika hotuba yake ya siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960. Sauti yake ilirekodiwa pale Palais de la Nation, Léopoldville (leo Kinshasa), na maandishi yake yapo: isikilize mwanzo hadi mwisho, hutaipata. Hata mimi nimekua hapa Kadutu, Bukavu, nikiisikia kwa wazee, nikaamini mpaka siku niliyosikiliza mwenyewe.

Alichosema kweli kina uzito zaidi. Mbele ya mfalme Baudouin wa Ubelgiji alikumbusha kwamba mtu mweusi aliitwa «tu» (ile «wewe» ya Kifaransa isiyo ya heshima), si kwa urafiki, bali kwa sababu «vous» ya heshima ilikuwa ya wazungu peke yao. Akasema pia sheria haikuwa moja: kwa mzungu ilikuwa laini, kwa mweusi ya ukatili. Hapo ndipo ukosefu wa usawa ulipotajwa waziwazi siku ile, na sisi tunaosema Kifaransa tunajua hiyo «tu» inavyochoma.

Kama aliitamka hiyo ya macaques pembeni, baada ya sherehe, hilo ni jambo lingine. Ndani ya hotuba haimo.