Magazini za Bei Nafuu Hazipimwi Sebuleni

SWALI: Nina leseni na bastola aina ya Glock 19. Nimenunua magazini (vikasha vya risasi vyenye springi ndani) tatu za kampuni nyingine kwa sababu za Glock ni ghali. Nilizijaza nyumbani nikavuta slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma) kwa mkono mpaka risasi zikaisha, haikukwama hata moja. Fundi ananishauri nizivute springi kidogo ziwe na nguvu. Je, naweza kuanza kuzibeba? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Usizibebe bado, ndugu yangu. Na springi usiziguse.

Jaribio hilo la kuvuta slaidi kwa mkono nasimuliwa kila mara, na linanikera kwa sababu humpa mtu imani asiyostahili kuwa nayo. Bastola inapofyatuliwa, slaidi hurudi nyuma na kwenda mbele kufumba na kufumbua. Katika muda huohuo springi lazima iwe imeshapandisha risasi inayofuata hadi kwenye midomo ya magazini, yaani kingo za juu zinazoishika risasi. Ukivuta kwa mkono unaipa springi muda wote inaoutaka, kwa hiyo hata iliyolegea itafaulu. Isitoshe, umepitisha risasi za moto kwenye chemba (sehemu ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) ndani ya nyumba. Zitenge hizo. Risasi ikiingizwa chemba tena na tena, kichwa chake huweza kudidimia ndani ya ganda, na siku ukiifyatua shinikizo linapanda kupita kiasi.

Kipimo ni renji, yaani uwanja wa kulenga shabaha, kwa risasi zilezile unazobeba. Najua ni ghali, na cheti chako kina kikomo cha risasi. Ndiyo maana wengi hukwepa. Zipe magazini namba kwa kalamu ya wino usiofutika. Jaza kila moja risasi zote 15, kwa maana hapo ndipo risasi ya juu hubana slaidi kwa chini na magazini huwa ngumu kuingia mpaka mwisho. Fyatua hadi ya mwisho, ambapo springi imebaki na nguvu kidogo kabisa: slaidi ibaki wazi, na ukibonyeza kitufe cha kuiachia, magazini idondoke yenyewe. Rudia, kisha ufyatue kwa mkono mmoja, wa kulia na wa kushoto. Kila ikikwama, andika namba ya magazini. Namba ileile ikijirudia, tatizo ni magazini hiyo. Zikikwama zote, pamoja na ile ya Glock, kagua bastola, risasi na unavyoishika.

Sasa huyo fundi. Springi iliyovutwa kwa mkono huonekana ndefu siku chache, kisha hunywea, na pengine ikawa imepinda ikasukuma risasi upande mmoja. Wenzake hukunja midomo ya magazini kwa koleo. Magazini za Glock zina chuma ndani ya plastiki, nyingine nyingi ni plastiki tupu, na mdomo wa plastiki uliopashwa moto ukakunjwa hauna tena kipimo cha kiwandani. Hao hao ndio wanaowaambia watu kwamba springi hufa kwa kuacha magazini imejaa, ilhali kinachoichosha zaidi ni kubanwa na kuachiwa mara nyingi.

Ukiuziwa chochote cha silaha kwa maneno "ni sawa na orijino", muulize muuzaji kama atakubali ukirudishe kikikwama renji. Magazini itakayokwama badili springi nzima kwa mpya inayoifaa, uipime upya tangu mwanzo. Ikikwama tena, iandike MAZOEZI kwa herufi kubwa na usiitoe nyumbani ila siku ya renji.