Seva ya Nyumbani Hupimwa Stima Inaporudi

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Kahawa West aliniandikia kwamba amechoka. Seva yake ni Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, iliyokaa juu ya kabati la televisheni, nayo imebeba tovuti ya chama chao, picha za familia, na programu ya kuhesabu michango aliyoiandika kwa mkono wake. Stima ikipotea anajua la kufanya: anangoja. Taabu huanza stima ikirudi, kwa sababu seva haiamki. Lazima atoke kazini aje kuchomoa waya na kuuchomeka tena, na mara mbili ameanza upya na kadi mpya. Sasa anauliza kama si heri akodi mashine Ulaya aachane na haya yote.

Asiachane nayo. Ujumbe ule uliniuma, kwa maana wengi huishia hapo hapo wakiamini hawajui kompyuta, ilhali msimbo wao uko sawa. Seva ya nyumbani Nairobi haipimwi kwa kasi wala kwa ukubwa wa diski. Inapimwa kwa swali moja: stima ikirudi saa tisa usiku na wewe uko Kisumu, itasimama yenyewe?

Anza na waya wa chaja, ambao hakuna anayeushuku. Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3. Pi 5 inataka ampea 5, na chaja yake rasmi imeandikwa wati 27. Chaja inaweza kuwa nzuri kabisa na Pi bado ikafa njaa, kwa sababu nguvu imepotelea ndani ya kebo. Kebo nyembamba za simu mara nyingi huwa na nyaya za unene wa AWG 28 (katika kipimo hiki, namba kubwa ni waya mwembamba). Mita moja ya waya huo ina ukinzani wa ohmu 0.21, na umeme huenda na kurudi, kwa hiyo kebo ya mita moja ni ohmu 0.43. Pi ikivuta ampea 1.5, volti 0.64 zimeisha njiani: zilitoka 5.1, zimefika 4.46. Pi huanza kulalamika chini ya takriban 4.63. Kebo ya AWG 20 yenye urefu ule ule inapoteza volti 0.1 tu. Usikisie, andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu likiwa `0x0`, uko salama. `0x50000` inasema volti zilishuka wakati fulani tangu mashine iwashwe, na `0x50005` inasema ziko chini sasa hivi. Mpaka jibu liwe sifuri, usihangaike na jambo jingine lolote.

Kisha kadi. Chipu iliyo ndani ya kadi ya SD haiwezi kuandika juu ya data iliyopo. Hufuta kwanza bloku nzima, ambayo huweza kufika megabaiti kadhaa, huku ikitunza jedwali la kuonyesha kipi kimekaa wapi. Stima ikikatika katikati ya kazi hiyo, jedwali linavurugika, na faili ambazo hujazigusa mwezi mzima zinapotea pamoja na ile uliyokuwa ukiiandika. Ndiyo maana mfumo wa faili wa ext4, pamoja na daftari lake la mabadiliko, hauwezi kukuokoa: uharibifu umetokea chini yake, mahali usipopaona. Ukinunua kadi mtaa wa Luthuli, Nairobi, ipime siku hiyo hiyo ukiwa bado na risiti: `f3write` kisha `f3read` kwenye folda ya kadi. Kadi bandia hujitangaza gigabaiti 128, lakini `f3read` itakuonyesha data imeharibika baada ya chache za mwanzo.

Dawa hasa ni kuhamia diski ya SSD ya gigabaiti 240 kupitia tundu la bluu la USB 3. Pi 4 inagawa ampea 1.2 kwa matundu yake yote ya USB, kwa hiyo usitundike diski mbili bila chanzo kingine cha umeme. Baadhi ya adapta za kuunganisha SSD na USB hazielewani na UAS, itifaki ya kusoma diski kwa kasi kupitia USB. Dalili yake ni kumbukumbu za mfumo (`dmesg`) kujaa `uas_eh_abort_handler` na diski kuganda. Tazama namba za adapta kwa `lsusb`, kisha uongeze `usb-storage.quirks=xxxx:yyyy:u` kwenye `cmdline.txt`, ndani ya mstari ule ule mmoja, maana ukifungua mstari wa pili nyongeza yako haitasomwa.

Kama bado hujanunua chochote, ushauri wangu ni tofauti: chukua kompyuta ndogo ya mitumba kutoka Uingereza. Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny, yoyote yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha sita kwenda mbele, inayoishia na herufi T kama i5-6500T. Ikiwa haina kazi nzito hula kama wati 10. Weka wati 15 ili uwe na nafasi, na kwa siku 30 ni yuniti 10.8 za tokeni. Kompyuta ya mezani ya wati 60 ingekula yuniti 43.2 kwa muda huo huo. Hesabu hiyo peke yake inaamua.

Lakini mashine hizi zina mtego. Zimekaa ofisini miaka, zikakaa stoo, zikapanda kontena, na betri ya sarafu ya CR2032 iliyo ndani imeisha. Ipime kwa mita: mpya ni volti 3, chini ya 2.8 itupe. Ikiwa imekufa, kila stima inapopotea BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha kompyuta, inasahau mipangilio yako, tarehe inarudi miaka nyuma, na mashine inasimama kwenye skrini nyeusi ikikusubiri ubonyeze F1 kwenye kibodi ambayo haipo. Hata ikivuka hapo, vyeti vya HTTPS vinakataliwa kwa kuwa kwa tarehe yake bado havijaanza kutumika, na WireGuard, njia ya siri ya kuingia nyumbani kutoka nje, inakataa salamu yenye muhuri wa saa ulio nyuma ya ule wa mwisho ilioupokea. Mtu anatumia wikendi nzima kuchunguza mtandao kumbe ni kijibetri cha bei ya chai na mandazi.

Ukishabadilisha, ingia BIOS: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Kwa Dell tafuta `AC Recovery`, kwa HP na Lenovo `After Power Loss`, uweke iwake yenyewe. Zima pia onyo la kukosekana kwa kibodi.

Sasa betri kubwa, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kile kijisanduku cha kushikilia ruta, kilichoandikwa 8800mAh, watu hukizidisha kwa volti 12 wakaona saa za wati 105.6. Sivyo. Seli za ndani ni za volti 3.7, kwa hiyo ni saa za wati 32.6, na ukiondoa kinachopotea katika kupandisha volti unabaki na kama 28. Ruta ya wati 10 itaishi saa mbili na nusu na ushee betri ikiwa mpya. Kwa ruta na kile kisanduku cha faiba kinafaa sana. Kwa kompyuta ya mitumba inayotaka volti 19 au 20 hakifai, usijaribu.

UPS, kisanduku cha betri kinachoishikilia kompyuta stima ikipotea, ile ya kawaida ya 650VA huwa na betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani saa za wati 84. Asidi haipendi kukaushwa chini ya nusu, na inveta nayo hula chake. Kwa mzigo wa wati 25, panga saa moja. Betri hizo huchoka baada ya miaka miwili au mitatu, na hazikuambii.

Kuna kosa moja linalowapata hata waliosoma. Mtu anafunga NUT, programu ya kuzungumza na UPS, anaipanga izime seva vizuri betri ikikaribia kuisha, na anajisikia amemaliza. Stima inakatika, seva inajizima kwa adabu, halafu stima inarudi dakika tano baadaye UPS ikiwa bado na chaji kidogo. Kwa upande wa kompyuta, umeme haukukatika hata sekunde moja. BIOS iliyopangwa kuwaka baada ya umeme kukatika haina sababu ya kuwaka, na seva inalala hadi mtu aje kubonyeza kitufe. Suluhisho ni kuiambia UPS yenyewe ikate umeme wa nje na kuurudisha, hata kama stima imeshafika. Katika NUT weka `POWERDOWNFLAG` kwenye `upsmon.conf`, na kwenye `ups.conf` hakikisha `ondelay` ni kubwa kuliko `offdelay`. Kwa dreva ya `usbhid-ups` chaguo la mwanzo ni sekunde 30 na 20.

UPS nyingi za bei nafuu hazina tundu la USB la mawasiliano, au lililopo ni la kuchaji simu tu. Hapo tumia kifaa chochote cha mtandao, ruta kuukuu kwa mfano, ukakichomeka moja kwa moja ukutani nje ya UPS na kukipa anwani isiyobadilika. Waya wake wa mtandao upite kwenye ruta iliyo na betri. Skripti kwenye seva inakipigia `ping` kila dakika. Kikinyamaza dakika 20 mfululizo, stima haipo, na skripti inaita `rtcwake -m off -s 7200`. Kompyuta ya mitumba inazimika na kujipangia kuamka baada ya saa mbili. Umeme ukikatika kabisa kabla ya hapo, BIOS itaiwasha stima ikirudi. Usipokatika, saa ya ndani itaiamsha. Njia zote mbili zinafika nyumbani. Naona ni bora kuliko UPS ya gharama iliyopangwa nusu.

Mashine imewaka, sasa huduma. Kompyuta yenye SSD husimama kwa chini ya dakika moja, lakini ruta na kisanduku cha faiba huchukua dakika mbili tatu kabla intaneti haijapatikana. nginx, programu inayohudumia tovuti, ikianza katikati ya muda huo na usanidi wako unataja jina la seva nyingine, inalitafuta jina, inalikosa, inaandika `host not found in upstream` na kufa. Haijaribu tena. Andika `systemctl edit nginx` na uweke haya:

[Unit]
Wants=network-online.target
After=network-online.target
StartLimitIntervalSec=0

[Service]
Restart=on-failure
RestartSec=15

Ule mstari wa `StartLimitIntervalSec` ndio unaosahauliwa. Bila huo, huduma inayoanguka haraka haraka huachwa baada ya majaribio matano.

Na kama una diski ya nje, mstari wake katika `/etc/fstab` uwe na `nofail,x-systemd.device-timeout=30`. La sivyo diski ikichelewa kuamka, mfumo unasubiri sekunde 90 kisha unaingia hali ya dharura ukidai nywila ya msimamizi, tena kwenye kibodi ile ile ambayo haipo.

Kuhusu njia ya kuingia kutoka nje sitakaa sana. Fungua ukurasa wa ruta uone anwani yake ya nje. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, unashiriki anwani na majirani wengi na kufungua milango ya ruta hakutasaidia. Kodi mashine ndogo yenye anwani ya umma, nyumbani kuwe ndiko kunakoanzisha WireGuard, na uweke `PersistentKeepalive = 25` ili njia isisahauliwe katikati. Ndani ya nyumba, elekeza jina la tovuti kwenye anwani ya 192.168 moja kwa moja, picha za watoto zisisafiri hadi Ulaya na kurudi ili zionekane sebuleni.

Programu ya michango ya chama inahitaji uangalifu wa peke yake, kwa kuwa ni pesa za watu. Usinakili hifadhidata ya SQLite kwa `cp` huku inaandikwa. Unaweza kubeba nusu ya muamala. Tumia `sqlite3 michango.db ".backup nakala.db"` kila usiku, na nakala itoke nje ya nyumba.

Kisha jaribu, na ujaribu mara tatu. Jumapili asubuhi, ukiwa umehifadhi nakala, zima swichi kuu kwa dakika moja na uwashe. Mara ya pili, zima hadi seva ijizime yenyewe huku UPS ikiwa bado hai, ndipo urudishe stima. Hili la katikati ndilo wengi huliruka. Mara ya tatu, ngoja hadi UPS nayo ife. Baada ya kila jaribio usiguse kitu. Zima WiFi ya simu, tumia data, fungua tovuti yako na uhesabu dakika. Mfumo niliokueleza ukikaa sawa, jaribio la katikati litakuchelewesha hadi saa mbili ukitumia `rtcwake`, na yale mengine hayatazidi dakika nne au tano. Ikishafunguka, ingia uangalie `timedatectl` na `systemctl --failed`. Kukiwa na huduma hata moja nyekundu, irekebishe uzime swichi tena.