Nafasi ya baharia kwenye Fastnet: anza mapema

Ndugu, umeuliza kama unaweza kupata nafasi kwenye Fastnet, mbio ndefu za mashua za matanga, ilhali umeshiriki mbio fupi za pwani tu. Unaweza, ila usisubiri mwezi wa mwisho. Mbio hizi ni za takriban maili 695 za baharini, kutoka Cowes, Uingereza, hadi Cherbourg, Ufaransa, kwa kuzunguka mwamba wa Fastnet huko Ireland, kila baada ya miaka 2. Sehemu ya mabaharia lazima wawe wamesafiri pamoja kwenye mbio za kufuzu, ndiyo maana manahodha makini hupanga timu miezi mingi kabla. Watafute wakati huo.

Ninalokusihi sana ni mafunzo ya kujiokoa baharini. Kwa mbio za aina hii, kanuni za World Sailing, shirikisho la kimataifa la mchezo wa matanga, zinataka angalau asilimia 30 ya mabaharia, nahodha akiwemo, wawe wameyapata ndani ya miaka 5. Ukija na cheti, umempunguzia nahodha mzigo. Tena ni kwa uhai wako: mwaka 1979 dhoruba iliua washindani 15 katika mbio hizi hizi.

Ukimwandikia nahodha, usiseme unaweza kila kitu. Taja maili ulizosafiri, zamu za usiku, kazi unayoimudu kwenye matanga, na kama huwa unapata kichefuchefu baharini. Uliza nani analipia nini. Akikuita umsaidie kuhamisha mashua tu kati ya bandari mbili, nenda! Mimi nafasi yangu ya kwanza niliipata hivyo.